Saa au Bangili

Kazini walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na kama kuna mtu aliyewahi kulistahili jina lake basi ni yeye. Mwanamke huyu hakai. Ukimpa kiti, anakiwekea mkoba, mwenyewe anabaki amesimama. Akiongea na simu hutembea mpaka uani akarudi. Akisubiri chai ichemke hufagia, na akimaliza kufagia kabla chai haijachemka, anaanza upya pale pale alipokwisha kufagia. Marehemu mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alitoka tumboni akiuliza viatu viko wapi.

Sasa sikia maajabu. Tabia hiyo iliyomfukuzisha kwa fundi cherehani, ikamfukuzisha na kwenye duka la dawa alikokuwa akigonga chupa na viwiko, ndiyo hiyo hiyo iliyompa ajira kwenye karakana ya saa.

Karakana ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi. Watu kumi na tisa, meza mbili ndefu, taa nyeupe, na amri kali ya kutopiga chafya karibu na meza. Mashine za ndani zilitoka ng'ambo zimekaa kwenye vikopo vya plastiki kama dawa. Makasha yalitoka ng'ambo, vioo vilitoka ng'ambo. Hapa zikaunganishwa, zikatiwa mafuta, zikarekebishwa mwendo, zikafungwa mikanda ya ngozi iliyoshonwa mtaa wa pili, na chini ya namba sita pakawa na maandishi madogo: Imeunganishwa Nchini. Zilikuwa saa za kujijaza zenyewe. Hazina betri, wala huzungushi kitufe cha pembeni asubuhi. Ndani mna kipande cha chuma, kizito, umbo la nusu duara, kinachozunguka kila mkono unapocheza, na kuzunguka kwake ndiko kunakokaza springi. Mkono ukitulia siku moja na nusu, saa nayo inasimama.

Kwa hiyo palihitajika mvaaji. "Saa iliyolazwa mezani ina adabu za mgeni," alisema mwenye karakana, mtu mwembamba ambaye wote walimwita Injinia. "Ivae ndiyo utaijua." Katika kila saa kumi, moja ilivaliwa siku tano kabla ya kwenda dukani, na aliyezivaa alikuwa Kiguu. Tatu mkono wa kulia, tatu wa kushoto, mpaka kwenye kiwiko. Watoto wa mtaani walimwita mama magendo. Kila jioni alizisoma zote dhidi ya saa kubwa ya ukutani, akaandika kwenye daftari ipi imekimbia na ipi imechelewa, na kwa kusema kweli alikuwa mvaaji hodari, maana mikono yake haikujua kutulia hata akiwa anakula.

Shida haikuwa saa. Shida ilikuwa yale maneno mawili ya chini ya namba sita. Watu huingia dukani, waishike, waipige jicho, waipandishe sikioni, watabasamu kabisa, halafu wasome. Hapo uso unabadilika. "Aa, kumbe ni ya hapa." Na saa inarudi kwenye rafu kama samaki aliyenuswa. Bwana mmoja mwenye suti aliuliza kama hayo maandishi yanaweza kusuguliwa kwa dawa ya meno. Jirani yake Kiguu, mwanamke msomi, alimwambia bila haya kwamba afadhali kuvaa saa ya nje iliyokufa kuliko ya hapa inayokwenda, kwani nani anakuuliza saa siku hizi? Kiguu alimjibu mpaka jirani akafunga dirisha. Lakini akafika nyumbani akalia, kwa sababu mtu aliyeufundisha mji mzima dharau ile alikuwa baba yake Kiguu mwenyewe.

Baba yake alikuwa Fundi. Hakuna aliyemwita vingine. Miaka thelathini na minane aliketi kwenye kibanda cha vioo, lenzi imebanwa jichoni, akitengeneza saa za mji mzima. Na Fundi alikuwa na hukumu mbili tu. Ukimpelekea saa aliifungua, akaitazama, akaifunga, akasema "Hii ni saa" au akasema "Hii ni bangili." Basi. Ukiambiwa bangili, chukua bangili yako uende. Shemeji yake mwenyewe alimletea saa ya dhahabu aliyonunua kwa ajili ya harusi, ndugu wote wamesimama mlangoni wamejipamba, na Fundi akasema bangili. Shemeji hakumsemesha miaka sita.

Siku Kiguu alipoajiriwa karakana, Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kuunganisha si kutengeneza. Ukinunua kitanda, godoro na mto, ukavipanga chumbani, umetengeneza usingizi?" Wageni waliokuwapo wakacheka, na maneno yakatembea mjini kama moto wa nyasi. Kiguu naye alicheka, kwa aibu, na tangu siku hiyo kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kumsikia baba yake, kwa kinywa chake, akiitazama saa iliyopita mikononi mwake, aseme ni saa.

Akaja Kamanda.

Kamanda hakuwa askari. Alikuwa na kampuni ya walinzi, wale wa kukaa mageti na kuandika nani kaingia saa ngapi, na alitaka kila mlinzi avae saa ya aina moja. Saa mia tatu na ishirini. Injinia alipoisikia hiyo hesabu aliketi. Kisha akawaita watu wote kumi na tisa akawaambia ukweli wao: dukani haziuzwi, oda nyingine hakuna, na hii ikishindikana, mwisho wa mwezi anafunga mlango na kila mtu ajue la kufanya.

Kamanda aligeuzageuza saa mkononi, akasoma yale maneno, akakunja pua. Lakini alikuwa mtu wa mji huu. "Yule mzee Fundi yuko hai?" aliuliza. Akaambiwa yuko hai, na binti yake ndiye huyo hapo anayezungukazunguka. "Basi mpeni avae mwezi mmoja. Akisema ni saa, nachukua zote. Akisema ni bangili, tusisumbuane."

Watu kumi na wanane wakamgeukia Kiguu. Naye, badala ya kuogopa, alifurahi kama mtoto. Hakutaka kingine.

Hapo Fundi alikuwa na mwaka na miezi minne tangu apatwe na kiharusi. Kilimpiga upande wa kushoto. Mdomo ulikuwa umeshanyooka, mguu ulikuwa umerudi rudi, anatembea kwa fimbo kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha dirishani. Mkono nao, alisema, unarudi. "Jana vidole vimecheza," humwambia Kiguu, naye Kiguu huruka. Akatangaza kazini, akawapigia ndugu simu, vidole vimecheza. Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla ya kazi, alipita kwa baba yake, akaingia akihema, na salamu haijakamilika ameshauliza, "Shikamoo baba, vidole?" Naye baba akajibu, "Marahaba. Vinakuja, vinakuja polepole." Ule mkono ulikaa mapajani, chini ya shuka, na mtu mwenye haraka huridhika na jibu la haraka.

Alipompelekea saa, Fundi aliisoma mbele na nyuma. Aliyasoma na yale maneno. Hakukunja pua.

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima, baba. Bila upendeleo."

"Mimi na upendeleo tulijuana lini?"

Kiguu alikuwa ameshafunua shuka. Akauinua mkono wa kushoto, akaifunga saa hapo kwenye kifundo cha mkono, kitundu cha tatu cha mkanda, maana baba alikuwa amekonda. Alifunga kushoto kwa kuwa saa huvaliwa kushoto, na dunia nzima inajua hivyo. Fundi alifungua mdomo. Akamtazama binti yake, jinsi alivyokuwa anameremeta, akaufunga.

"Haya," alisema.

Asubuhi ya pili Kiguu alifika, akaweka simu yake kando ya ile saa, sekunde kwa sekunde. Sawa. Siku ya tatu, sawa. Juma la kwanza lote, sawa. Akifika karakana kila mtu alisimama kumsubiri, naye anasema neno moja tu, "Inakwenda," na Injinia anarudi mezani akipiga mluzi. Juma la pili sawa. Juma la tatu sawa. Ila Fundi mwenyewe alikuwa hasemi. Ukimuuliza anaionaje, anajibu mwezi haujaisha. Na Kiguu, ambaye hata kusubiri mvua iishe kunamtoa jasho, roho ilikuwa ikimkaa juu juu tangu anapoamka. Alifua nguo safi. Alipanda ngazi za karakana, akasahau kama amefunga mlango wa nyumbani, akarudi, akakuta umefungwa. Alivunja vikombe viwili. Atasema nini? Atasema nini huyu mzee?

Siku tatu kabla ya mwezi kuisha, alikuwa jikoni kwa baba yake akimenya vitunguu na shangazi yake, dada mkubwa wa Fundi, ndiye aliyekuwa anakaa naye kumwangalia.

"Baba yako amekuwa mtu wa mazoezi siku hizi," shangazi alisema. "Mungu ni mwema."

"Mazoezi gani, shangazi?"

"Ya mkono. Kila asubuhi kabla hujafika. Anaushika ule wa kushoto kwa ule wa kulia, anaupunga, anaupunga, kama anabembeleza mtoto. Robo saa nzima, mpaka jasho. Halafu anawasha redio, anasubiri wataje saa, ndiyo anatulia. Nawe ukifungua tu geti, anazima."

Kisu kikasimama kwenye kitunguu.

"Anasubiri wataje saa," Kiguu alirudia. "Halafu anafanya nini?"

"Anaigusa gusa saa yake. Nijue mimi mambo ya saa?"

Kiguu alinawa mikono, akatoka bila kuaga. Alitembea mpaka kazini, akapita mlango wa kazini, akatembea mpaka mwisho wa barabara, akarudi. Kichwani mlikuwa na jambo moja. Saa inasimama. Kila usiku inasimama, na kila asubuhi baba yake anaitikisa mpaka inaamka, anairekebisha kwa redio, ili yeye Kiguu akija na simu yake akute sawa. Mtu aliyemwambia shemeji yake bangili siku ya harusi! Mzee huyo sasa anadanganya, na anamdanganyia nani? Yeye. Jumamosi, mwezi ukiisha, atasema ni saa, karakana itapona, watu kumi na tisa watakula, na itakuwa uongo. Alimkasirikia baba yake. Alitamani kumkumbatia. Alijikasirikia mwenyewe zaidi.

Alipopanda ghorofani alizivua zote sita mikononi akazipanga mezani, akazitumbulia macho. Zote zinakwenda. Sasa ndipo lilipomjia la pili. Bila shaka zinakwenda! Zimevaliwa na nani? Mikono kama hii ungeifunga jiwe, jiwe nalo lingejaza springi. Miaka miwili amekuwa akizipitisha saa kwa mikono isiyotulia, na kumbe mtu wa kawaida, mtu wa kukaa, zinamfia. Na walinzi wanafanya nini kutwa? Wanakaa! Mageti mia tatu na ishirini, watu mia tatu na ishirini wamekalia viti.

"Injinia," alisema, "saa zetu mbovu. Na mbovu ni mimi."

Injinia alimsikiliza mlango umefungwa.

"Umeona kwa macho yako imesimama?"

"Sijaona. Nikifika ameshaiamsha."

"Basi hujaona." Akashusha sauti. "Dada yangu, nakuheshimu. Mzee akisema Jumamosi kwamba ni saa, wewe ni nani umsahihishe Fundi? Nyamaza mpaka Jumamosi. Nyamaza kwa ajili ya hawa." Na akaonyesha kidole kwenye kioo cha mlango, kule watu walikoinamia meza, kila mmoja na lenzi yake.

Alinyamaza Alhamisi. Alinyamaza Ijumaa, ila kwa shida. Jumamosi alijua la kufanya, angalau nusu yake. Kamanda na Injinia walikuwa waje saa nne. Yeye atafika alfajiri, kabla baba hajaupunga mkono, na atakaa. Atakaa pale pale chumbani mpaka mzee mwenyewe amwambie ukweli, wakiwa wawili, kisha waamue pamoja.

Saa kumi na mbili na nusu alikuwa ameshavuta kiti, amekiweka mbele ya baba yake, na amekikalia. Shangazi alichungulia mlangoni mara mbili kuhakikisha ni yeye.

"Mbona mapema?" Fundi aliuliza.

"Nimekuja kukaa na wewe."

"Wewe? Kukaa?" Akacheka kidogo. Mkono wa kushoto ulikuwa chini ya shuka. "Nenda basi kaninunulie gazeti."

"Gazeti baadaye, baba."

"Msaidie shangazi yako jikoni."

"Amesema hataki msaada."

"Nifungulie basi lile geti, hewa ipite."

"Liko wazi."

Siku zote akimtuma dukani, huwa ameshakwenda na kurudi kabla mzee hajamaliza kutaja kitu. Leo mzee anamtuma na binti hatumiki. Kiguu aliona jinsi macho ya baba yake yalivyokuwa yakikimbilia redio, kisha mlango, kisha redio. Magoti ya Kiguu yalikuwa yanamcheza, akayakandamiza kwa viganja. Saa moja ikapita. Maneno alikuwa nayo mdomoni, baba niambie, na kila alipofungua mdomo yalirudi tumboni. Utamwambiaje baba yako kwamba umemkamata akidanganya kwa ajili yako?

Alikuwa ameshavuta pumzi ya kusema geti lilipolia. Haikuwa hata saa mbili na nusu.

"Mimi ni mtu wa ulinzi," Kamanda alisema akiingia, harufu ya manukato imemtangulia, Injinia nyuma yake anafunga vifungo vya shati. "Nafika kabla sijatarajiwa. Shikamoo, mzee Fundi."

"Marahaba."

"Tusipoteze muda. Naomba niione."

Hakusubiri. Aliinama, akafunua shuka, akauinua ule mkono. Aliisoma saa. Akaisoma tena. Akasogeza mkono wake mwenyewe wenye saa nene ya kung'aa, akazilinganisha, na akaanza kucheka, kicheko cha mtu ambaye hakutegemea lingine.

"Saa kumi kasoro dakika tano! Kwenu ni alfajiri bado, Injinia?" Akaigonga kioo kwa ukucha. "Imekufa. Si nilisema? Vitu vya kuunganisha. Nilitaka tu mzee aniambie kwa heshima, kumbe saa imejisemea yenyewe."

Kiguu akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Kosa ni langu," alisema haraka haraka. "Kamanda, mimi ndiye ninayezivaa, mimi mikono yangu haitulii, ndiyo maana hatukujua, baba yangu asilaumiwe, yeye alikuwa tu..."

"Kaa chini," alisema Fundi.

"Baba, acha niseme..."

"Nimesema kaa chini. Huna ujualo."

Kiguu hakuwa na kiti, akaketi sakafuni. Fundi alimtazama Kamanda, na sauti yake ilikuwa ile ya kibandani, ya mtu aliyefungua kasha akaona kila kitu.

"Hiyo saa haijafa. Uliyoshika hapo, Kamanda, ndiyo maiti. Mkono ndio umekufa."

Kamanda bado alikuwa ameshika ule mkono na ni kama ndipo alipousikia uzito wake, kwa sababu aliurudisha mapajani taratibu sana.

"Mwaka na miezi minne," Fundi aliendelea. "Hausikii joto, hausikii baridi, ukiuchoma sindano ni kama umechoma nguo. Nimewaambia watu wangu unarudi. Haurudi. Saa ya kujijaza inakula mwendo wa mkono, na huo mkono hauna mwendo. Ungefunga hapo saa yako hiyo ya bei, nayo ingesimama. Ungefunga ya mfalme ingesimama. Huwezi kufunga saa kwenye mguu wa meza halafu ukailaumu saa."

"Kwa nini hukuhamishia mkono wa kulia, mzee?" Kamanda aliuliza, kwa sauti ndogo.

Fundi alimtupia jicho binti yake pale sakafuni. Alisema, "Ivue. Ivae wewe. Vaa mkono wowote, yako tia mfukoni. Nenda mpaka getini urudi."

Mtu mzima yule, mwenye walinzi mia tatu na ishirini, akavua saa yake, akavaa ile nyingine, akaenda getini akarudi. Alipoingia alikuwa ameinua mkono mbele ya uso. Mshale wa sekunde ulikuwa unazunguka.

"Mwezi mzima nimeitikisa kila asubuhi kwa huu mmoja nilionao," Fundi alisema. "Kila nilipoiamsha, imeamka. Ikishaamka haidanganyi. Nimeipima kwa redio asubuhi, nimeipima adhuhuri, nimeipima jioni. Mlinzi hata akikaa, anakuna kichwa, anaandika, anafungua geti. Inamtosha. Walioiunganisha wameiunganisha kwa mikono inayojua kazi." Akavuta pumzi. "Hiyo ni saa."

Kamanda aliushusha mkono. Aliinama kumpa mzee mkono wa kulia, akamgeukia Injinia, akasema zote mia tatu na ishirini, na maandishi yale yaachwe kama yalivyo. Wakatoka. Injinia alipofika mlangoni aligeuka amwangalie Kiguu, macho yamejaa maji.

Kiguu alibaki sakafuni. Alikuwa amelipata neno lake. Alikuwa amelisikia kwa masikio yake, mbele ya mashahidi, na hakuna hata chembe ya furaha iliyomjia. Alikuwa anaulizia vidole. Kila asubuhi, akihema, vidole baba, vidole, na shuka aliifunua kwa ajili ya saa tu, hakuwahi hata siku moja kuvishika vyenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?" Machozi yalikuwa yanamtoka wazi wazi. "Mimi mwanao."

"Ulikuwa unaingia hapo mlangoni na uso umejaa furaha," Fundi alisema. "Umesimama, unaondoka, unauliza vimecheza. Nikujibu nini? Neno lingine lilikuwa linahitaji mtu aliyekaa."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza. Kiguu alijivuta kwa magoti mpaka kwenye kiti cha baba yake. Akauchukua ule mkono wa kushoto kutoka mapajani, kwenye ngozi bado pana alama ya mkanda, akauweka kati ya viganja vyake viwili. Ulikuwa mzito, laini, na baridi kuliko alivyodhani. Nje magari yalianza kujaa barabarani, na shangazi kutoka jikoni akaita kwamba chai iko tayari, kisha akaita tena. Kiguu hakuinuka.

Fundi alikuwa ameugeuzia uso dirishani.

"Umeushika?" aliuliza.

"Nimeushika, baba."

"Mimi sisikii kitu," alisema mzee. "Usiuachie."